Uji wa Mchana wa Ramadhani

Sanduku la vitabu lilikuja kwa meli pamoja na marobota ya mitumba, zawadi ya kanisa moja la bara kwa watoto wa mchungaji wa Pemba. Mtoto wa mchungaji nilikuwa mimi peke yangu, basi vitabu vyote vikawa vyangu. Vilikuwa hadithi za wasichana wa Kikristo wa rika langu, wa miaka kumi na moja, kumi na miwili, na zote zilipita njia moja. Msichana anagombana na mama yake, anakimbilia bustanini kulia, anaomba. Katika sura ya mwisho mama anaingia chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda na kusema, "Nisamehe, mwanangu, nilikukosea." Wanapiga magoti pamoja. Nje theluji inaanguka.

Kwetu Wawi kilichokuwa kikianguka nje ni nazi, na ikikuangukia wewe huna haja ya sura ya mwisho. Lakini theluji haikunishangaza. Aliyenishangaza ni yule mama.

"Mama amwombe radhi mwanawe?" Shoga yangu alicheka mpaka akajifunika uso kwa kile kitabu. "Makubwa! Huyo mama ana homa."

Shoga yangu alikuwa mtoto wa nyumba ya pili. Wazazi wake walikuwa Unguja wakitafuta maisha, yeye akalelewa na bibi yake, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Nyumba yao ilijaa wajomba na kaka, na ndiyo sababu alipenda kwetu: tulikuwa watu watatu tu, na mtu akitaka kusoma huachwa akasoma. Tulilala kifudifudi juu ya jamvi, kitabu kimoja, vichwa viwili. Sehemu za maombi aliziruka bila kuuliza, kama mtu anavyochagua mawe kwenye mchele. Yeye alitaka ugomvi. Alitaka kujua yule msichana alimjibu nini mama yake, na alipigwa au hakupigwa. Hawakupigwa hata mmoja, jambo lililomsikitisha.

Wakristo wa pale tulikuwa wachache, wengi askari na watumishi waliohamishwa kutoka bara pamoja na familia zao. Akihamishwa mmoja, kwaya inapoteza sauti nzima. Baba alikuwa mchungaji wao. Kwa majirani hakuwa na makuu, alikuwa Mzee wa Kanisani, anaamkiwa na kuamkia. Mama ndiye aliyekuwa na jina, maana alikuwa na cherehani. Walimwita Bi Fundi. Krismasi ikifika, Baba alikwenda kumwomba mjomba mmoja wa shoga yangu aje atuchinjie kuku, ili pilau yetu iweze kuliwa mtaa mzima. Ramadhani ikifika, hata sisi tusiofunga tuliletewa futari, sahani imefunikwa kawa, kana kwamba na sisi tumeshinda na njaa. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Tuliishi vizuri na watu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndio msimu wa Mama. Skuli zinafungwa, na kuanzia wiki ya kwanza wanawake wanaleta vitambaa vya nguo za sikukuu. Ukumbi ulijaa mafurushi, kila moja limefungwa na uzi wake na kuwekwa mahali pake, na ole wako uyachanganye. Mwaka ule, katika yale mafurushi, kulikuwa na kitambaa kimoja cha rangi ya zambarau chenye maua meupe, kilichokatwa magauni mawili. La shoga yangu na langu. Bi Mkubwa ndiye aliyekinunua mjini Chake na kusema, "Hawa watoto ni pacha, basi wavae." Mpango wetu ulikuwa kwenda viwanja vya sikukuu pamoja, sare sare, kupanda pembea, kula aiskrimu ya maji mpaka ndimi zibadilike rangi. Tuliuzungumza mpango huo kila siku, na kila siku tuliongeza kitu.

Kisha adhuhuri moja alikuja kwetu na uso usiokuwa wake. Alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na jua lile.

"Nimevunja ungo," alisema. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu.

Katika vitabu vyangu vyote, vyenye wasichana wale wa miaka kumi na miwili waliogombana na mama zao sura hadi sura, hakuna hata mmoja aliyewahi kupatwa na jambo hilo.

"Umemwambia Bi Mkubwa?"

"Simwambii! Simwambii mpaka sikukuu ipite." Alinishika mkono kwa kucha. "Weye humuoni binti ami yangu? Tangu mwaka jana hatoki ila kwa sababu. Wanawake wanakuja, wanamtazama, wananong'ona na Bibi. Miye nitamwambia, lakini nataka sikukuu hii moja. Moja tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake yote. Hakuiba, hakutukana, hakuacha dini. Alitaka kuwa mtoto mpaka Idi.

Shida ilikuwa kwamba mwanamke aliye katika siku zake hafungi. Si kwamba anaruhusiwa tu kula. Saumu yake haiswihi, na siku hizo atakuja kuzilipa baadaye. Kila mwanamke wa pale anajua, na kila mwanamke anajua pia kwamba siku hizo huli mbele ya watu. Unakula kwa kujificha, jikoni, nyuma ya mlango, kwa heshima ya wanaofunga na kwa haya ya wanaume wa nyumbani. Shoga yangu hakuwa na pa kujificha. Jikoni kwao kulikuwa na bibi yake tangu alasiri mpaka magharibi, na akikutwa na kipande cha muhogo tu mdomoni, siri imekwisha. Hakuwa na pedi vilevile. Alikuwa amekunja matambara.

Nilimwambia shoga yangu kwamba Mama yangu hasemi. Hayo ndiyo maneno yangu, na niliyasema kwa sababu niliyaamini. Alifikiri kidogo, akakubali twende.

Nataka niwe mkweli kuhusu Mama, kwa sababu siku ile alikuwa mzuri kuliko mama yeyote wa kwenye vitabu. Hakupiga kelele, hakucheka. Alisimamisha cherehani, akamwingiza chumbani kwake, akafunga mlango na kutoa pakiti ya pedi kutoka chini ya nguo zake kabatini. Alimweleza kila kitu kwa upole, polepole, na mimi nikiwa pale nikisikiliza kwa faida yangu. Kisha alikwenda kupika uji wa mtama, akautia sukari na tui, akauleta mwenyewe chumbani. Alisimama mlangoni akimtazama anavyokunywa. Kabla ya kunywa, kwa kuwa ndivyo ilivyo nyumbani kwetu, Mama alikuwa ameuombea chakula kile kwa sentensi moja fupi, kichwa kimeinama. Shoga yangu alisubiri kwa adabu, akasema bismillahi yake, akanywa.

"Utakuja kila siku mpaka umalize," Mama alimwambia. "Na hili limekwisha humu humu chumbani. Hata Mzee wangu hatalijua."

Alikuja siku zote zile. Alikunywa uji, alikula viazi, na tulisoma vitabu vyetu kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa. Nilijivunia Mama yangu. Nakumbuka nilijivunia kwa maneno, ndani ya kichwa: huyu ni wangu.

Wiki hiyohiyo alifika mgeni kutoka bara. Alikuwa mwangalizi wa kanisa letu, mtu wa suti na sauti nene, aliyekuja kukagua kazi ya Baba. Tulimpa kitanda changu. Jioni, mezani, baada ya kusifu samaki, aliuweka mkono begani kwa Baba na kumwuliza kwa upole ambao nilitamani kuumwagia mchuzi, "Mchungaji, nakuona unafanya bidii. Lakini matunda yako wapi? Ndugu wanaotuma sadaka wananiuliza. Miaka yote hii, niwaambie nini?"

Baba alikuwa mtu wa kuzika wafu, kupatanisha wanandoa na kutembelea wagonjwa, wa dini zote mbili, kwa baiskeli. Alitazama sahani yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama mifupa ya samaki kwa muda mrefu vile. Mama alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, na nilimwona amemtazama Baba, na nilimwona alivyoumia kwa ajili yake. Hilo nalikumbuka pia. Sijalisahau, ila halijanisaidia.

Jumapili ulifika wakati wa ushuhuda. Mgeni alisimama mbele, akauliza nani ana neno ambalo Mungu amemtendea. Kimya. Mke wa askari mmoja alishukuru kwa kupona malaria. Kimya tena. Mgeni akamtazama Baba, Baba akatazama Biblia.

Mama akasimama.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi nina neno dogo. Nyumbani kwetu anakuja mtoto wa jirani, kabinti. Sikumwita, sikumlazimisha. Mwezi huu wa mfungo, mchana, wenzake wote wakiwa wamefunga, mtoto huyo amekaa nyumbani kwangu, nimeombea chakula mbele yake, na amekula. Si mara moja. Amekuja siku baada ya siku. Na anasoma vitabu vya neno la Mungu pamoja na binti yangu. Mimi nayaweka haya moyoni, nasema, Bwana anajua anachokifanya."

Kanisa zima lilisema Amina. Mgeni aliinua mikono juu na kufumba macho. Baba aligeuka kumtazama Mama, na uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha, maskini, maana yeye kweli alikuwa hajui.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikisubiri neno lililobaki. Nilidhani atalisema kwa namna fulani, atalizungusha, atacheka kidogo. Hakudanganya hata kidogo, ndio ubaya wake. Kila alichokisema kilitokea. Aliliacha neno moja tu, lile linaloeleza kwa nini, na kwa kuliacha hilo alimfanya shoga yangu kuwa mtu mwingine kabisa. Alipokaa, alinigusa goti. Nilisogeza goti langu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimewahi kuisikia methali hiyo darasani, tukaulizwa maana yake, nikapata vema.

Yule mke wa askari hakuwa na ubaya wowote. Alifurahi tu, na Jumatatu asubuhi akiwa bombani kuchota maji alimwambia mwenzake kwa furaha, na furaha ile ikavuka ndoo hadi ndoo. Mpaka adhuhuri habari ilikuwa imefika nyumba ya pili, na ilipofika ilikuwa imeshanenepa: mtoto wa Bi Mkubwa anakula mchana wa Ramadhani kwa Wakristo, na anasomeshwa dini yao kwa siri.

Bi Mkubwa alikuja alasiri. Alikuja peke yake. Alibisha hodi, akasubiri kukaribishwa, akaitikia shikamoo yangu kwa marahaba kamili. Mkononi alikuwa na kimoja cha vitabu vyangu, alichokuwa ameazima shoga yangu, amekifunga ndani ya leso safi. Alikiweka mezani.

Baba na mgeni walikuwa wamekaa ukumbini. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Miye sikuja kugomba, Bi Fundi," alisema. "Nimekuja kuuliza neno, nijibiwe, niende zangu. Nnasikia mwana wangu kala humu ndani mchana. Kala au hakula?"

"Alikula," Mama alisema.

"Kala kwa nni? Mwana wangu mzima, hana maradhi, hakusafiri. Kala kwa nni?"

Hapo ndipo ningependa hadithi isimame. Chumba cha Mama kilikuwa palepale, mlango wake nyuma ya cherehani. Angeweza kuinuka, akamshika Bi Mkubwa mkono na kusema, "Njoo huku, dada yangu," wakaingia wawili, wanawake peke yao, akamnong'oneza. Wanaume wasingejua kitu. Shoga yangu angegombezwa kwa kuficha, angechekwa kidogo, angekumbatiwa. Angeipoteza sikukuu yake, lakini jina lake lingebaki safi. Jambo lenyewe halikuhitaji ujasiri. Lilihitaji Mama asimame tu.

Lakini mgeni alikuwa ameinua kichwa anasikiliza. Akisimama Mama, mgeni atauliza baadaye mlizungumza nini, na ushuhuda utabaki bakuli tupu, na Baba atarudi kutazama mifupa ya samaki.

"Hilo," Mama alisema, macho kwenye sindano, "labda umuulize mwenyewe."

Bi Mkubwa alimtazama, halafu alinitazama mimi. Nilikuwa nimebana midomo mpaka inauma. Siri haikuwa yangu, na palikuwa na wanaume wawili. Bi Mkubwa akaaga, Baba akaagwa, mgeni akaagwa, akatoka.

Nilikimbia kwa nyuma, kupitia mgombani, mpaka dirisha la chumba cha shoga yangu. Nilitaka ruhusa yake tu. Nilitaka aniambie, "Sema," nimkimbilie bibi yake nikaseme. Alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia magoti. Kaka zake walikuwa wanasemezana ukumbini kwa sauti kubwa.

"Niseme?" nilimwuliza. "Niambie niseme, nitamwambia Bi Mkubwa sasa hivi."

Hakugeuka. "Ulisema mama'ako hasemi," alijibu. "Ulisema."

Akainuka, akafunga dirisha. Alilifunga taratibu, bila kulibamiza, na mimi nilisimama pale mgombani kama kuku aliyefungiwa nje.

Alimwambia bibi yake mwenyewe, jioni ileile. Ilimbidi aseme mbele ya shangazi zake, akilia, na ikabidi shangazi mmoja awatoe kaka zake nje na kuwaeleza kwa maneno ya mzunguko, ili wanyamaze. Kwa hiyo jambo alilotaka kulificha mpaka Idi walilijua watu wa nyumba nzima, wanaume kwa wanawake, kabla ya futari. Heshima yake ilirudi. Sikukuu yake haikurudi. Bi Mkubwa aliamua akakae kijiji cha Ole, kwa shangazi yake, mpaka maneno yapoe.

Nasi tukaanza kutembelewa. Walikuja mmoja mmoja, na hakuna aliyesema neno baya. "Bi Fundi, kile kitambaa changu, nimepata safari, nipe tu." "Bi Fundi, mwanangu kabadili mawazo, anataka cha dukani." Mama alifungua furushi baada ya furushi. Mengine yalikuwa yameshakatwa, akayatoa vipande vipande, mikono mahali pake, kola mahali pake. Ukumbi wetu, katika wiki ambayo ulikuwa haupitiki, ukabaki na cherehani na viti. Sahani ya futari haikuletwa tena. Mgeni alirudi bara na ushuhuda wake, na Baba akauliza kila siku, kwa mshangao wa kweli, "Watu wamekuwaje?"

Mama hakumwambia. Nikamsubiri. Kila jioni nilikaa kitandani na kumsubiri aje akae ukingoni, kama walivyokuja wale mama wengine. Sikuwa mjinga, nilijua vitabu ni vitabu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani, labda kwa jambo kubwa namna hii. Alikuja mara moja. Alikusanya nguo chafu, akauliza kama nimepiga mswaki.

Bi Mkubwa alirudi mara ya pili, siku mbili kabla ya Idi, Baba hayupo. Alikuja kuchukua gauni la mjukuu wake. La zambarau lilikuwa karibu limalizike, limebaki pindo na vifungo. Mama alilikunja vizuri, akampa. Bi Mkubwa hakuondoka. Aliliweka gauni juu ya mkono wake, akamwambia Mama kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwana kanambia pedi ulimpa weye."

Mama aliinama kuokota nyuzi sakafuni.

"Basi ulijua," Bi Mkubwa alisema. "Miye nilidhani hukujua. Nilikutetea kwa watu, nikawaambia Bi Fundi wa bara, ada zetu hazijui vizuri, kaona mtoto anakula kafikiri lake. Kumbe ulijua. Mwanamke mwenzangu."

Hakumtukana. Alivuta buibui lake, akanipapasa kichwa alipopita, akasema, "Mungu akukuze, mjukuu wangu." Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyoingia kwetu. Mama alirudi kwenye cherehani na kulimaliza gauni langu, pindo na vifungo, kazi safi kama kawaida yake. Asubuhi ya Idi nililikuta limetandazwa kitandani mwangu. Sikulivaa. Nilishinda ndani, nikisikia watoto wakipita barabarani kwenda Chake, wakipuliza vipenga. Mama alipoingia akaliona halijaguswa, alilitundika ukutani. Likakaa pale mpaka likawa halinitoshi.

Mwaka uliofuata Baba alihamishwa. Shoga yangu nilimwona mara moja tu tangu hapo, nilipokwenda Chake ukubwani kwa shughuli za kazi. Tulikutana sokoni, kwenye meza ya ndizi. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. "Hujambo?" "Sijambo. Wazima nyumbani?" "Wazima. Mama hajambo?" "Hajambo." Alisema salamu zake zifike, nami nikasema zimefika. Tulikuwa na adabu kama watu waliotambulishwa jana. Nilikwenda nyuma ya soko nikalia, na mwenye ndizi akanifuata akidhani nimeibiwa.

Sasa ninaishi Tanga. Baba amekwisha kufariki, na Mama anakaa kwangu na cherehani yake, ile ile. Ni mwanamke anayependwa kanisani. Mwaka jana, kwenye ibada ya shukrani, walimwomba yeye, mama mchungaji mzee, atoe ushuhuda wa kazi ya visiwani, naye akainuka akautoa. Sikuwa nimeusikia tangu utoto. Umekua. Sasa yule kabinti anaomba mwenyewe kuombewa. Sasa anakiri huku machozi yanamtoka, kisha ndugu zake wanamficha mbali. Mama alilia alipofika hapo, na nadhani alilia kwa kweli, kwa sababu kwake imeshakuwa kweli.

Binti yangu alikuwa ameketi kati yetu. Ana miaka ileile. "Mama," alininong'oneza, "kwa nini yule msichana alikula?"

Nilimwinamia sikioni, watu wakisema Amina, nikamwambia lile neno.

Alifikiri. "Bibi alijua?"

"Alijua."

Mama aliporudi kukaa na kutafuta mkono wa mjukuu wake ili aushike, mtoto alikuwa ameukalia.

Miezi michache baadaye, siku ya Jumamosi, binti yangu aliniita bafuni kwa sauti ya kuazima. Nilimkuta amekaa, uso umemvimba. Nilifanya yote aliyofanya Mama siku ile, kwa sababu, nitafanyaje, kwake ndiko nilikojifunza: nilifunga mlango, nikatoa pakiti, nikaeleza polepole. Hata uji nilipika, wa mtama, wa tui.

"Mama," alisema, bakuli mikononi. "Usimwambie Bibi."

"Simwambii."

Jioni Mama aliacha kushona, akaniuliza mtoto ana nini, mbona kajifungia. Nikamwambia hana kitu.

"Nimekulea wewe," alisema. "Naujua uji wa mtama unapikwa lini. Hata mimi siambiwi? Mimi bibi yake?"

"Ameomba wewe hasa usiambiwe."

Nilidhani atakasirika. Alishika uzi, akalitafuta tundu la sindano kwa muda mrefu, macho yake si mazuri siku hizi, na mimi sikumsaidia. Mwishowe aliuweka chini.

"Yule mtoto wa Wawi," alisema. "Aliitwa nani vile?"

Nalo hilo sikumwambia.